Meno Yasiyoacha Kukua

Bernadeta alilipiga mswaki jino la mwisho kwenye beseni, akalikausha kwa kitambaa, kisha akaligusa kwa ncha ya ulimi. Jino likanasa. Alipoliachia mkono lilibaki linaning'inia ulimini mpaka alipolibandua. Mfupa wa juzi haunasi. Mfupa uliokaa ardhini mpaka ukageuka jiwe una vitundu vidogo vinavyonyonya mate, na huo hunasa. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyokuwa akifanya miaka yote katika chumba cha mifupa, ghorofani, juu ya duka la nyavu la Kanubhai, Mwanza mjini.

Kanubhai alikuwa amesimama mlangoni ameshika kikombe cha chai.

"Bernadeta, wewe unalamba meno ya maiti, halafu unakunywa kwenye kikombe changu."

"Haya ni mawe, mzee. Hayana vijidudu."

"Kikombe hiki nimekuachia. Usinirudishie."

Akakiweka mezani, akashuka kuendelea kuuza nyavu.

Meno yalikuwa yameletwa ndani ya mfuko wa saruji kutoka Misungwi, kwenye machimbo ya kokoto ya Jonathan Masele. Aliyeyaleta ni Ngosha, nyapara wa machimbo. Alisema yameokotwa chini ya ukuta wa mwamba ulioanguka wakati wa masika. Masele alitaka mtu wa serikali aseme kwamba ni ya ng'ombe, kwa sababu wapakiaji wa tipa walikuwa wameanza kusema ni ya watu, na baadhi yao walikuwa wanakataa kupakia upande ule.

"Mimi naona ng'ombe," Ngosha alisema. "Labda ng'ombe aliyekuwa mgonjwa."

Bernadeta alianza na ng'ombe. Jino la ng'ombe lina gamba gumu jeupe linalong'aa kama sahani, na chini lina mizizi. Haya hayakuwa na gamba wala mizizi. Chini yalikuwa wazi, matupu kama kikombe, na jino la namna hiyo haliachi kukua mpaka mwenyewe afe. Kwa hiyo ng'ombe akatoka kwenye hesabu. Mtu naye akatoka kwa sababu hizo hizo. Akasaga jino moja kwa msasa wa maji mpaka umbo la ndani likaonekana. Lilikuwa duara mbili zilizobanana, kama namba nane. Kama lingekuwa la mraba lenye matuta mawili, ingekuwa jamii moja ya wanyama wa meno hayo. Kama la mbele lingechongoka kama chonge, ingekuwa jamii nyingine. Namba nane ilikuwa jamii ya tatu. Alifungua vitabu vyake na vyote vikasema kitu kimoja: slothi wa ardhini, mnyama wa manyoya mazito na makucha marefu, mzito kuliko fahali, aliyetembea kwa kukanyagia pembe za nyayo. Aliishi Amerika. Alitoweka zamani sana. Hakuwahi kufika Afrika.

Bernadeta akaandika, *Slothi wa ardhini, Misungwi*, akaenda kula.

Jioni, alipokuwa anayapanga kwenye trei, aliona kwamba jino moja la taya la chini lina pengo dogo la nusu duara ukingoni. Vitabuni hapakuwa na pengo hilo. Akaliweka na mengine, kwa kuwa kila kitu kingine kililingana.

Kesho yake meno yalikuwa marefu zaidi. Yalikuwa yamesukuma kifuniko cha trei kikafunguka. Bernadeta akayahamishia kwenye kreti la soda, akaandika vipimo vipya mbele ya vile vya jana. Kanubhai alimwambia kwamba usiku mlinzi alisikia kitu kikisagika juu ya dari. Bernadeta akasema ni meno. Kanubhai akasema basi, alidhani ni panya.

Sheria ilikuwa kwamba mabaki ya mnyama wa kale yakionekana mahali, kuchimba kunasimama mpaka uainishaji ukamilike. Bernadeta akapeleka amri ya kusimamisha kazi. Machimbo yakanyamaza. Watu wa Misungwi walisema masikio yao yaliuma siku ya kwanza kwa ukimya.

*

Siku chache baadaye mwanamke mmoja alipanda ngazi za duka la nyavu, akavua ndala mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Umeleta mfupa?"

"Sijaleta. Nimefuata."

Aliitwa Evelina. Kwao ni Nansio, ameolewa Misungwi. Mumewe Ndalahwa alikuwa akitoboa mashimo ya baruti kwa Masele. Siku ukuta ulipoanguka alikuwa chini yake pamoja na wenzake wawili. Evelina alikuwa sokoni anauza dagaa, akaliona vumbi. Masele alisema hapakuwa na mtu chini. Alisema wale wanaume watatu waliondoka asubuhi ile kwenda Geita kutafuta dhahabu. Kituo cha polisi alikokwenda kuripoti, Evelina aliambiwa kwamba wanaume wa machimbo ndivyo walivyo, wanaondoka bila kuaga, avute subira. Mvua zilikuwa zimekwisha, mpunga ulikuwa umevunwa, na yeye bado alikuwa anavuta subira.

Aliinama juu ya kreti, akayaangalia meno moja moja, akagusa lile lenye pengo.

"Hili ni lake."

"Hilo ni la slothi," Bernadeta alisema.

"Naona ni la mnyama. Lakini ni la Ndalahwa. Alikuwa anafungulia soda kwa jino hili. Nilimkataza mpaka nikachoka."

Bernadeta akachukua kioo cha kukuzia. Ndani ya pengo palikuwa na mikwaruzo myembamba, ya bati, na chembe ya rangi nyekundu ya kizibo. Akakirudisha kioo mezani.

"Linanasa ulimini," alisema. "Ni la zamani, kabla watu hawajaanza kulima."

"Mama, kilima kizima kimemkalia. Ukikaliwa na kilima utabaki kuwa wa juzi?"

Bernadeta alifikiri. Hakuona kosa katika maneno hayo.

"Wewe unataka nini?"

"Atolewe, nimzike. Mama mkwe ananiuliza kila siku kama mimi ni mjane au ni mke aliyekimbiwa. Kama ni mjane nikae kama mjane. Kama nimekimbiwa nirudi kwetu Nansio. Sasa nimekaa tu. Hata kwenye misiba ya wengine sijui nikae upande gani."

"Siwezi kuwaambia wachimbe mtu. Hilo si la ofisi hii," Bernadeta alisema. "Nikiwaambia wachimbe mnyama, watachimba. Lazima nipate mifupa mingine, meno peke yake hayatoshi."

"Basi waambie mnyama," Evelina alisema, akavaa ndala zake.

*

Bernadeta alikwenda Misungwi na vibarua, brashi na kamba za kupimia. Waligawa kifusi kwa viwanja vya mraba, wakapiga vigingi. Baada ya chakula cha mchana, kabla jembe la kwanza halijainuliwa, kifusi kiliinuka chenyewe katikati, mawe yakaporomoka pande zote, na mnyama akatoka. Alikuwa wa rangi ya kijivu kwa vumbi. Alikaa kitako kama mtu anayepumzika, mkia umemshikilia kwa nyuma, makucha mapajani, akawa anapumua.

"Ametoka," Ngosha alisema.

Bernadeta akaandika saa.

Mnyama alipomaliza kupumua alisimama, akaondoka machimboni kwa kukanyagia pembe za nyayo, polepole, akapita dukani, akapita penye mashine ya kukoboa mpunga, akaingia uani kwa Evelina. Mlango wa nyumba ulikuwa mdogo kwake. Akakaa nje, mgongo ukiegemea ukuta wa jiko, akala majani ya mpera mpaka matawi yakabaki matupu. Evelina alichemsha maji. Alimwaga ndoo baada ya ndoo, akamsugua mgongo kwa gunia, na maji yaliyotiririka uani yalikuwa meupe kama uji kwa unga wa mawe.

Jirani alichungulia juu ya ua wa minyaa.

"Mgeni amefika?"

"Si mgeni," Evelina alisema.

"Haya. Mpe pole ya huko alikotoka."

Bernadeta alikuja jioni na kipimo chake. Mnyama akafungua mdomo bila kuombwa. Ufizi ulikuwa na mashimo pale yalipotoka meno yaliyokuwa kwenye kreti la soda, na ndani ya kila shimo kulikuwa na jino jipya linachomoza, wazi katikati, la umbo la namba nane. Bernadeta alipima yote. Kisha alirudia kupima mara kadhaa, kwa sababu kwa miaka mingi kwenye chumba kile hakuwahi kuletewa chochote ila ng'ombe, kiboko na mbwa.

*

Evelina hakutaka mnyama. Alimtunza vizuri, alimkatia majani kila asubuhi, lakini alitaka kuzika. Aliwaita watu wa ukoo wa mumewe. Akaja Chenge, baba mdogo wa Ndalahwa, mzee mchunga ng'ombe ambaye kwenye minada ya Misungwi na Magu watu humwita ili amfungue ng'ombe mdomo na kusema ana meno mangapi, kwa hiyo ana miaka mingapi, na hakuna anayembishia.

"Mwangaluka, baba," Evelina alimsalimia kwa magoti.

"Mwangaluka. Yuko wapi?"

Chenge alimsogelea mnyama, akamshika taya la chini kwa mkono wa kushoto kama anavyomshika fahali, akaingiza kidole gumba. Alikaa hivyo kwa muda. Kisha akajifuta mkono kwenye suruali.

"Ni Ndalahwa," alisema.

"Najua, baba. Nataka tumzike."

"Tumzike vipi? Ng'ombe akikomaa meno yanasimama. Akizeeka yanaisha. Akifa ndio kabisa. Huyu meno yanakua. Mimi nimezaliwa nimekuta, na baba yangu alikuta, chenye meno yanayokua hakijafa. Hakizikwi."

"Lakini yule mama wa mjini anasema wanyama hawa walishakufa wote."

"Huyo anasoma vitabu. Mimi nimeshika meno."

"Na yeye ameshika."

"Basi azike yeye."

Evelina alisema kwamba kwao Nansio, mtu akichukuliwa na ziwa na mwili usionekane, hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo zake, likazikwa, watu wakalia, wakala, wakaondoka. Angeweza kuleta mgomba kutoka kwao.

"Mgomba ni wa ziwa," Chenge alisema. "Huyu hakuzama. Huyu yuko hapa anakula mpera wako." Akamgeukia mnyama. "We Ndalahwa, umetutia kazi."

Mnyama akafumba macho.

Kabla ya kuondoka Chenge alimwambia Evelina kwamba kwa kuwa mume hajafa, hana ruhusa ya kurudi kwao. Alisema kwa upole. Mama mkwe akaacha kumuuliza swali lake la kila siku, na hilo ndilo jambo pekee lililobadilika.

*

Walikuja wanawake wengine wawili, Rose na Gladness, wake wa wale wenzake wawili wa Ndalahwa. Mume wa Rose aliitwa Revocatus. Walikaa uani kwenye mkeka, wakamtazama mnyama. Rose aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za safari:

"Shemeji, Revocatus umemwacha wapi?"

Mnyama alitazama makucha yake.

"Alikuwa karibu na wewe, au alikuwa upande wa kule kwenye kompresa?"

"Rose, hawezi kusema," Evelina alisema. "Hata zamani hakuwa msemaji."

"Revocatus alisema huyu ukimpa bia mbili anahutubia," Gladness alisema.

Wakacheka kidogo, kisha Rose akalia.

Kesho yake asubuhi mnyama hakula. Alikwenda machimboni, akapita chini ya kamba za Bernadeta, akaanza kuchimba. Makucha yale yalikuwa yameumbwa kwa kazi hiyo. Alikuwa akipachika kucha kwenye ufa, akiegemea kwa uzito wake wote, na bonge la mwamba likitoka, akilisukuma nyuma yake bila kuangalia. Jioni alirudi nyumbani. Siku iliyofuata akarudi kuchimba. Wale wanawake walikuwa wakikaa pembeni ya kifusi tangu asubuhi, kila mmoja na kitambaa chake, wanatazama kila jiwe lililotoka. Siku moja lilitoka buti la mpira la mguu wa kushoto. Rose alilitambua kwa kiraka. Alilipeleka kituo cha polisi, akaambiwa kwamba buti ni buti.

*

Masele alimwalika Bernadeta chakula cha mchana kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa. Sato waliletwa wamekaangwa wazima wazima. Makorongo walisimama kwenye mawe karibu na meza, wanangoja vichwa vya samaki.

"Dada Bernadeta, mimi si mtu wa shule," Masele alisema. "Nieleweshe. Huyu mnyama ametoweka au hajatoweka?"

"Vitabu vinasema ametoweka."

"Na wewe ndiye mtaalamu wa vitabu."

"Ndiyo, lakini yupo. Nimempima."

"Hata mimi nimemwona. Amepita mbele ya gari langu, nikampisha. Sikuulizi kama yupo. Nakuuliza ni wa kundi gani." Akamrushia korongo kichwa cha samaki. "Barabara inangoja kokoto. Kama ni mnyama hai, nasikia kilima kinafungwa moja kwa moja, kinakuwa makazi yake. Kama ni mnyama aliyetoweka, ukishamaliza kumwandika, amri yako inaondoka. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Sasa kitu kilichotoweka kitakuwaje na makazi?"

Bernadeta alitoa miba mdomoni.

"Chumba chako kile juu ya nyavu ni aibu," Masele aliendelea. "Nitajenga chumba cha kioo, meno yakae humo, watoto wa shule waje waone. Na nasikia anayegundua ndiye anayetoa jina."

"Chini ya kile kifusi kuna watu," Bernadeta alisema.

"Walikwenda Geita."

"Buti limetoka."

"Mtu anayekwenda kuchimba dhahabu anaacha buti kuukuu ananunua jipya. Kula samaki, anapoa."

Bernadeta alikula. Alikuwa na njaa, na sato alikuwa amekaangwa vizuri.

Alirudi ofisini akaandika uainishaji wake. Aliandika umbo la meno, vipimo, mahali, na mwishoni, penye hali ya mnyama, akaandika *hai*. Wakubwa wake waliurudisha na alama ya kuuliza. Akauandika upya, akaeleza kuhusu ufizi na majani ya mpera. Ukarudi tena, safari hii na maelezo kwamba hakuna slothi wa ardhini aliye hai popote duniani, kwamba mtaalamu mwenye uzoefu wake anapaswa kulijua hilo, na kwamba asahihishe kosa ili spishi mpya iweze kutangazwa kwa jina lake.

Kabla hajasahihisha alikwenda Misungwi. Alimkuta Evelina anafua.

"Wamenirudishia," alisema. "Wanataka niandike ametoweka."

Evelina alikamua shuka, akalitundika.

"Ukiandika hivyo wataanza kulipua."

"Ndiyo."

"Na hao wengine hawajatoka."

"Hawajatoka."

"Mama, mimi sikuombi uandike kwamba ni mume wangu. Hilo nimeshaliacha. Andika kwamba yupo. Neno moja. Wewe umemshika mdomo kwa mikono yako."

"Nimeandika mara mbili, Evelina."

"Andika ya tatu."

Bernadeta alisema atajaribu. Evelina akarudi kwenye beseni, kwa sababu kulikuwa na nguo nyingi.

Mara ya tatu Bernadeta aliandika *ametoweka*. Halikuwa neno la uongo. Lilikuwa kwenye kila kitabu alichokuwa nacho. Na palipotakiwa jina la spishi aliandika jina la Kilatini lenye Masele ndani yake, kwa kuwa ndiyo desturi ya kumshukuru mwenye ardhi. Uainishaji ulikubaliwa wiki hiyo hiyo. Walimpongeza. Kanubhai alimletea sambusa na kikombe kipya.

"Sasa wewe ni mtu mkubwa," alimwambia. "Lakini meno yako yanatoboa dari langu la chini. Yapeleke huko kwenye kioo."

"Yatapelekwa, mzee."

"Na yule mnyama mwenyewe?"

"Ametoweka."

"Basi," Kanubhai alisema. "Nilimwona Misungwi juzi, nilipokwenda kumwona mteja. Anaonekana amekonda."

*

Kazi ilianza Jumatatu. Ngosha alipiga king'ora, akatazama machimboni, akapaza sauti kwamba hakuna mtu, wakalipua. Vumbi lilipotulia mnyama alikuwa bado anachimba palepale, manyoya ya mgongo yamejaa vipande vya mawe. Rose na Gladness walikuwa wameondolewa pembeni ya kifusi kwa usalama wao. Walisimama nje ya uzio, mbali, mahali ambapo mtu hawezi kuona kinachotoka.

Bonge la mwamba ambalo lingehitaji kutobolewa na kujazwa baruti, mnyama alilikumbatia, akaling'oa, akalisukuma nyuma. Tingatinga lililokuwa linazoa kifusi likalizoa na hilo pia. Likapelekwa kwenye kresha, likasagwa, likatoka kokoto. Mnyama akang'oa jingine. Mchana Ngosha alimpigia simu Masele akamwambia kwamba tipa zinajaa kuliko zamani. Masele akaja mwenyewe, akasimama na mikono kiunoni, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaagiza upande ule usilipuliwe tena, baruti ihamishiwe upande mwingine wa kilima.

"Mwacheni afanye kazi," alisema.

Hakuna aliyemzuia tena. Alichimba kuelekea ndani, upande wa kompresa aliyoitaja Rose, na alikuwa akisimama mara kwa mara kunusa mwamba kabla ya kuchagua pa kupachika kucha. Inawezekana aliwafikia wenzake. Inawezekana aliwafikia siku za mwanzo kabisa na kuwasukuma nyuma taratibu, ili watu wao wawapokee. Lakini nyuma yake palikuwa na tingatinga, na tingatinga halichagui, wala kresha haichagui. Kokoto ilitoka ya ukubwa mmoja, ya kijivu, ikapakiwa, ikaenda barabarani, ikashindiliwa, ikamwagiwa lami. Mnyama aliendelea kuchimba, kama mtu ambaye bado hajapata anachotafuta.

Rose alihamia kwa dada yake Magu. Gladness aliendelea kuja kwenye uzio mpaka kilimo kilipoanza.

Saa ya chakula Evelina alikuwa akifika getini na mzigo wa majani ya viazi kichwani. Ngosha alikuwa akimfungulia bila kumuuliza kitu.

"Shemeji," Ngosha alimwambia siku moja, "mwambie apumzike kidogo. Tangu asubuhi hajakaa."

"Mwambie wewe. Ni mtu wako wa kazi."

"Hayumo kwenye wafanyakazi."

Evelina alitua mzigo mbele ya mnyama. Mnyama aligeuka, akakaa kitako, akala polepole, amefumba macho kwa vumbi, taya likienda upande na upande. Alipomaliza alisimama, akarudi ukutani. Evelina akakung'uta kanga, akaifunga kiunoni, akasubiri tipa iliyojaa ipite, akavuka.